Mabaki yasiyotulia: kutatua matatizo unapowasha na kupangilia kigunduzi cha njia za chembe kwa miale ya kosmiki

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekabidhiwa kigunduzi cha silikoni kilichokwisha kuunganishwa, ambacho hakijaona mgongano hata mmoja, na anachonacho ni myuoni (chembe zenye chaji zitokanazo na miale ya kosmiki) zinazoshuka kutoka angani tu. Mifano mingi nimeichukua CMS, kigunduzi kilichomo chini ya ardhi huko Cessy, Ufaransa, kwenye LHC, mashine ya kugonganisha protoni ya maabara ya CERN. Tarehe 10 Septemba 2008 LHC ilizungusha protoni kwa mara ya kwanza. Tarehe 19 ikatokea hitilafu ya umeme kwenye muunganisho wa sumaku, na mashine ikalala zaidi ya mwaka. Watu wa CMS hawakukaa bure. Oktoba na Novemba walirekodi matukio milioni 270 ya kosmiki sumaku yao ikiwa kwenye tesla 3.8. Njia milioni 3.2 zilizochujwa humo zilitumika kupangilia, yaani kutambua mahali halisi pa kila moja, moduli 1,440 za pikseli (zenye vidoa vidogo vya kusomea) na 15,148 za mistari (zenye vipande vyembamba virefu vya kusomea), na kwenye pipa, sehemu ya kati ya kigunduzi, kosa lililobaki katika mwelekeo ulio nyeti zaidi lilishuka hadi mikromita 3 au 4. Hayo yalifanyika kabla ya mgongano wa kwanza, na ndiyo sababu naamini kazi ya kosmiki inastahili kupewa uzito wake wote, isichukuliwe kama mazoezi ya kungojea boriti ya protoni.

Tuelewane kwanza kuhusu baki. Chukua njia ya myuoni, iondolee moduli moja, ikokotoe kwa moduli zilizosalia, kisha uulize: moduli ile inasema chembe ilipita wapi, na njia inatabiri ilipita wapi? Tofauti hiyo ndiyo baki. Programu ya upangiliaji, kama Millepede II iliyoandikwa na Volker Blobel, husogeza na kuzungusha moduli zote kwa pamoja hadi jumla ya miraba ya mabaki iwe ndogo kadiri inavyowezekana. Inafanya hivyo bila kujua kama kosa limetokana na moduli kukaa vibaya, saa kuchelewa, waya kuchomekwa pasipo pake, au uga wa sumaku kusukuma chaji. Ukiipa data yenye kosa la saa itakurudishia jiometri (ramani ya mahali pa moduli) potofu yenye grafu za kupendeza. Kwa hiyo fuata mpangilio huu hata kama unabanwa na muda: elektroniki, saa, ramani ya nyaya, uga wa sumaku, halafu ndipo jiometri.

Njia ni chache kuliko ulivyotarajia

Anza na hesabu ya kawaida. Juu ya ardhi, usawa wa bahari, hupita myuoni moja hivi kwa kila sentimita ya mraba iliyolala, kila dakika. Chini ya ardhi hesabu hiyo haifai tena. Ukumbi ulio chini kama mita 90 hupitisha tu myuoni zenye makumi ya GeV (kipimo cha nishati ya chembe), isipokuwa zile zinazoshuka kupitia mashimo ya kushushia vifaa. Ukiona njia nyingi zaidi zinatoka upande mmoja wa pipa, tazama ramani ya ukumbi kabla hujailaumu triga, mfumo unaoamuru tukio lirekodiwe. Tena myuoni nyingi zinazowasha vyumba vya nje vya CMS hazipiti kabisa kwenye kigunduzi cha silikoni kilicho katikati. Zinazogusa pikseli ndizo chache kuliko zote. ALICE, kigunduzi kingine cha LHC, walilikabili jambo hilo kwa kuifanya pikseli yenyewe itoe amri ya kurekodi, na kwa njia kama laki moja tu wakaanza kupangilia sehemu yao ya ndani.

Kama hesabu inakubali na njia bado ni chache, sababu ya pili ni programu ya kutafuta njia. Ile ya migongano hudhani kila chembe inatoka katikati kwenda nje. Myuoni ya kosmiki huingia juu, ikashuka, ikatokea chini, na mara nyingi hupita mbali na katikati. Inahitaji mtafuta njia wake, anayeanza safu za nje na kufuata chembe kwa mwelekeo inaokwenda. Mwelekeo ukikosewa, alama ya chaji itageuka katika nusu ya juu, na nishati inayopotea njiani itaongezwa mahali pa kupunguzwa.

Sababu ya tatu hujificha vizuri sana, nayo ni ukubwa wa kosa la mahali unaloruhusu kwa kila moduli. Mwanzoni hujui moduli iko wapi. Ukiiambia programu kwamba kosa ni mikromita 20 ilhali moduli imekaa pembeni kwa mikromita 500, mguso halisi (ishara ya chembe iliyopita) utatupwa kama takataka. Grafu ya mabaki ya moduli hiyo itaonekana nyembamba na imekaa kwenye sifuri, ila ina maingizo machache, na hayo ni ya kelele na bahati. Kwa hiyo kila unapotazama upana wa mabaki, tazama na idadi ya maingizo. Anza na dirisha pana, pangilia, ulipunguze, pangilia tena.

Miguso ipo, lakini chaji ni ndogo

Mara nyingi kosa ni la saa. Chipu ya APV25 inayosoma mistari ya CMS hupima kila nanosekunde 25 na kuhifadhi vipimo kwenye seli 192 zinazozunguka. Triga ikifika, chipu hurudi nyuma idadi fulani ya seli na kutoa kilichomo. Ukirudi seli moja pungufu au moja zaidi, unasoma bega la mpigo badala ya kilele chake. Badilisha ucheleweshaji hatua moja moja ya nanosekunde 25, chora wastani wa chaji kwa kila hatua, na kilele kitajionyesha. Halafu ufanye urekebishaji wa nanosekunde moja moja.

Kabla ya hapo hakikisha moduli zote zina saa moja. Nyuzi za mwanga hazilingani urefu, kwa hiyo ishara zinazotoka pamoja hazifiki pamoja. APV25 hutoa alama ya saa kila mizunguko 70 hata pasipo triga, na ndiyo ya kulinganishia. Urefu wa alama hiyo unakupa pia kiwango cha ukuzaji cha leza inayotuma ishara kwenye nyuzi hizo. Kiwango hicho hubadilika na joto, kwa hiyo kipimo kilichochukuliwa kabla ya kuwasha ubaridi usikitumie baada yake.

Sasa jambo ambalo ni la kosmiki peke yake. Protoni hugongana kwa mapigo ya saa, lakini myuoni ya kosmiki huja wakati wowote ndani ya zile nanosekunde 25. Katika hali ya usomaji inayobana mpigo uwe mfupi, myuoni iliyokuja kati ya mapigo mawili hupoteza sehemu ya chaji na hakuna marekebisho yatakayoirudisha. Tumia hali ya kilele, ambamo mpigo hupanda kwa takriban nanosekunde 50 na kushuka taratibu. Ongeza na mwendo wenyewe: chembe huenda sentimita 30 kwa nanosekunde, na kigunduzi cha silikoni cha CMS kina kipenyo cha mita 2.4, kwa hiyo safu ya juu kabisa huguswa nanosekunde 8 kabla ya ile ya chini kabisa. Ukija kwenye migongano, nusu ya juu itaguswa kinyume, ndani kwanza kisha nje. Usihamishe ucheleweshaji wa kosmiki kwenda kwenye migongano bila kuufanyia hesabu hiyo.

Jambo lingine: gawanya chaji kwa urefu wa njia ndani ya silikoni kabla ya kulinganisha moduli na moduli. Myuoni inayopita kwa mshazari wa nyuzi 60 huacha chaji maradufu ya ile inayopita wima, na usipogawanya utadhani moduli za ubavuni ndizo bora.

Saa ikiwa sawa na chaji bado ni ndogo, ipe kelele nafasi ya kusema. Hapa kuna kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Kelele ya mstari hufuata kapasitansi (uwezo wa kushika chaji) inayoonwa na chipu. Volteji ya sensa ikikatika au ikiwa ndogo mno, silikoni haisafishwi chaji huru zake, kapasitansi hupanda, na kelele hupanda nayo. Ule waya mwembamba unaounganisha mstari na chipu ukikatika, chipu haioni mstari kabisa, na kelele hushuka chini ya majirani. Basi: chaji haba na kelele juu kwa moduli nzima, nenda kwenye chanzo cha volteji; hakuna chaji na kelele chini kwa mstari mmoja, waya umekatika na hutaufikia tena, uandike kwenye orodha ya waliokufa. Kelele ikipanda na kushuka kwa pamoja katika mistari yote ya chipu moja, tafuta kwenye muunganisho wa ardhi.

Mabaki ya milimita nzima

Hapa jiometri haihusiki. Hakuna fundi anayefunga moduli kwa kosa la milimita kadhaa akapita ukaguzi. Tafuta nyaya zilizobadilishana, au maelezo yasiyo sahihi kwenye hifadhidata.

Chora grafu mbili kwa kila moduli: mahali palipopimwa dhidi ya mahali palipotabiriwa, na baki dhidi ya mahali palipotabiriwa. Moduli nzima ikiwa kimya pale njia zinapopita, huku jirani yake ikiwa na miguso isiyo na njia, nyuzi zao zimebadilishana. Grafu ya kwanza ikishuka badala ya kupanda, mistari imehesabiwa kinyume. Ya pili itaonyesha mteremko wa −2 kamili, kwa sababu moduli inasema −x pale njia inaposema x. Kwenye moduli za jozi, ambazo moja imeinamishwa miliradiani 100 ili kutoa mwelekeo wa pili, alama ya pembe hiyo ikigeuzwa baki litaongezeka kwa milimita 2 kwa kila sentimita unayosogea kando ya mstari. Huo mteremko wa 0.2 haufanani na kosa lingine lolote.

Rekebisha ramani, usome data upya. Kuiruhusu programu ya upangiliaji igeuze moduli kwa nyuzi 180 ni kuficha kosa ndani ya faili ambayo watu watairithi bila kujua.

Mabaki yanahama sumaku ikiwashwa

Yanapaswa kuhama. Uga wa sumaku husukuma chaji kando inaposafiri ndani ya silikoni, na mahali panaposomwa huhama kwa nusu ya unene ukizidisha na tanjenti ya pembe ya Lorentz, yaani pembe ambayo chaji inasukumwa nayo. Kwenye pikseli za pipa la CMS, zenye unene wa mikromita 285 na zinazokusanya elektroni, tanjenti hiyo ni karibu 0.4 katika tesla 3.8, kwa hiyo mguso huhama mikromita 57. Mistari hukusanya mashimo (nafasi zenye chaji chanya zilizoachwa na elektroni), ambayo ni mazito kusukumwa. Kuhama ni kama mikromita 10 kwa sensa za mikromita 320 na karibu 20 kwa zile za 500.

Hilo lisiporekebishwa, upangiliaji utasogeza kila moduli kiasi hichohicho, na jiometri yako itakuwa sahihi kwa uga huo tu. Chukua data sumaku ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa. Kisha chora upana wa kishada, yaani idadi ya mistari inayopata chaji kwa pamoja, dhidi ya tanjenti ya pembe ya kuingilia. Pasipo uga, kishada huwa chembamba kabisa kwenye pembe ya sifuri. Uga ukiwapo, chembamba kabisa huhamia pembe ya Lorentz. Myuoni za kosmiki zinafaa sana kwa kipimo hiki maana huingia kwa pembe nyingi mno kuliko chembe za migongano. Ukitia pembe uliyopima na bado miundo mikubwa inaonekana kuhama kati ya data hizo mbili, hapo sumaku imesogeza chuma kwelikweli.

Mabaki ni mapana kila mahali, kila moduli

Usiongeze idadi ya vigezo vya upangiliaji. Uliza momenta, yaani kipimo cha mwendo wa chembe. Myuoni ya GeV 4 ikipita kwenye tabaka lenye asilimia 2 ya urefu wa mnururisho (kipimo cha wingi wa mata njiani) hupinda kiholela kama miliradiani 0.5, sentimita 10 mbele hiyo ni karibu mikromita 50. Ya GeV 40 hupinda sehemu ya kumi ya hapo. Ukizichanganya zote kwa uzito mmoja, zile dhaifu zitaziba macho. Sumaku ikiwashwa unaweza kupima momenta, ukatupa zilizo chini ya GeV 4 na kuzipa zilizobaki uzito unaostahili. Sumaku ikiwa imezimwa huna kipimo hicho. Data ya namna hiyo itumie kwa kulinganisha, ukitambua mipaka yake.

Baki linategemea pembe

Hapa ndipo upangiliaji wenyewe unapoanza, na kosmiki inakuwa hazina. Moduli iliyosogea kando hutoa baki lilelile kwa pembe zote. Moduli iliyosogea mbele au nyuma, kuelekea inakotoka chembe, hutoa baki linalokua na tanjenti ya pembe: ikisogea mikromita 50, myuoni ya wima haioni chochote, ya nyuzi 45 inaona mikromita 50 kamili. Mteremko wa grafu ya baki dhidi ya tanjenti ni kiasi ilichosogea, unakisoma moja kwa moja. Moduli iliyozunguka hutoa baki linalobadilika kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.

Kuna sura moja zaidi ambayo wengi huipita. Njia zinazopita karibu na mhimili (mstari wa katikati ya pipa) zinakokotoka vizuri, zile zinazopita mbali nao zina khi mraba mbaya (kipimo cha njia kutolingana na miguso yake), na mzunguko mwingine wa upangiliaji hausaidii. Sensa hazikunyooka. Kipande cha silikoni chembamba hivyo kinaweza kubonyea makumi ya mikromita katikati, na moduli ndefu za nje za CMS zimeundwa kwa sensa mbili zilizounganishwa, ambazo huenda zina kona ndogo kati yao. Njia inayopita mbali na mhimili huzikuta sensa kwa mshazari mkali, na mshazari ndio unaogeuza mbonyeo kuwa baki. Chora baki dhidi ya mahali ndani ya moduli: umbo la bakuli ni mbonyeo, umbo la paa ni kona. Ongeza vigezo vya mpindo kwa kila sensa. Hapa vigezo zaidi vina haki yake.

Moduli za ubavuni na za kwenye vifuniko hazitulii

Myuoni nyingi huja wima, kwa hiyo moduli zilizolala juu na chini ya pipa hushiba, zilizosimama ubavuni hukwaruzwa tu, na za diski kwenye vifuniko, yaani ncha mbili za pipa, hupata za mshazari chache. CMS yenyewe, kwa data yote ile, ilipata mikromita 3 hadi 14 kwenye vifuniko. LHCb, kigunduzi kingine cha LHC ambacho safu zake zimesimama wima kuikabili boriti, hakikupata mengi kutoka angani. Walitumia chembe zilizotokana na boriti ya SPS, mashine inayoilisha LHC protoni, ilipozuiwa kabla ya kuingia LHC.

Kama una myuoni chache, punguza unachouliza. Pangilia kwanza miundo mikubwa, nusu ya pipa, diski nzima, kisha safu, moduli mojamoja mwisho, na zile tu zenye miguso ya kutosha. Vipimo vya mafundi vya wakati wa kuunda viingize kama vizuizi, visibaki kabatini. Moduli isiyo na miguso ya kutosha iache pale mafundi walipoipima, ukiipa kosa kubwa la mahali.

Kila grafu ni nzuri, lakini momenta ni mbaya

Hili ndilo tatizo gumu kuliko yote. Kuna namna za kuupinda mfumo mzima ambazo njia hujipinda nao, na mabaki hayabadiliki. Pipa likijikunja kama kamba inayosokotwa, au likihama safu kwa safu kuelekea upande mmoja, njia bado zinakokotoka vizuri, ila momenta yake si ya kweli. Upotofu huu fichi hauonekani kwa khi mraba hata ukipata njia milioni mia.

Kipimo chake ni kuikata njia ya kosmiki. Myuoni moja imepita nusu ya juu na nusu ya chini: ikate karibu na mhimili, kokotoa kila nusu peke yake kana kwamba ni chembe mbili za mgongano, ulinganishe. Momenta, pembe na mahali pa kukatia lazima vikubaliane, kwa sababu ni chembe ileile. Upana wa tofauti, ukigawanywa kwa mzizi wa mbili, ni usahihi wa nusu moja. Kitovu cha tofauti ndicho cha kuchunguzwa: kichore dhidi ya pembe ya kuzunguka mhimili, dhidi ya mahali kando yake, na kwa myuoni chanya na hasi mbalimbali. Kikipanda na kushuka kwa mpangilio, jiometri imepinda hata kama mabaki yote ni sifuri.

Shahidi wa pili ni anga lenyewe. Myuoni chanya huzidi hasi. CMS walipima uwiano wa 1.2766 chini ya GeV 100. Uwiano wako ukiwa tofauti juu na chini ya pipa, au ukiyumba ghafla kadiri momenta inavyokua, mpindo umewageuza baadhi ya chanya kuwa hasi.

Kisha fanya jaribio la makusudi. Chukua jiometri yako bora, ipinde wewe mwenyewe kwa umbo unaloliogopa, uanze upangiliaji kutoka hapo. Umbo likitoweka, data yako inaliona. Likibaki, huo ni upofu wa data, na lazima ukubwa wake uandikwe pamoja na matokeo. CMS walipitia hivyo maumbo tisa, yaliyopatikana kwa kuchanganya mienendo mitatu na mielekeo mitatu, na baadhi hayakurudi kikamilifu kwa kosmiki pekee.

Jana ilikuwa sawa, leo siyo

Gawa data kwa vipindi kufuata matukio ya kweli: sumaku kuwashwa au kuzimwa, joto la ubaridi kubadilishwa, kigunduzi kufunguliwa. Usigawe kwa wiki tu. Linganisha thamani ya katikati ya mabaki ya kila moduli kati ya kipindi na kipindi. Moduli nyingi za muundo mmoja zikihama pamoja, pangilia muundo huo peke yake na uache moduli zilivyo. Moduli moja ikihama peke yake, rudi kwenye volteji yake, saa yake na alama ya leza yake kabla ya kugusa mahali pake.